Mkono unakufa kwa kubofya: ninunue kibodi ya kuprogramu au nirekebishe kwanza programu yenyewe?

pozi_kwa_pozi

Wakuu heshima kwenu. Naomba mawazo hasa ya wale mnaoshinda kwenye animesheni kutwa nzima.

Mimi nafanya 3D kwenye programu ya Blender na mara moja moja nachora fremu kwa fremu kwenye Krita. Kazi naiweza, spidi ndo sina. Shoti ya sekunde kumi ni fremu 240 kwa hesabu ya 24 kwa sekunde, na shoti kama hiyo inanila siku tatu wakati wenzangu wanaimaliza siku na nusu, na pozi zao sio kwamba zimezidi zangu. Juzi nikajirekodi skrini saa nzima alafu nikaiangalia kwa spidi ya mara nne, aisee niliona aibu. Mausi inasafiri tu. Inapanda juu kulia, inafungua menyu, inashuka, inapita mstari niliotaka, inarudi, inabofya, inashuka mpaka chini kabisa kwenye taimlaini, inavuta, inapanda tena. Pozi yenyewe nimeigusa labda robo ya hiyo saa, nyingine yote ni matembezi.

Ishu ya pili ni kidole cha mwisho mkono wa kushoto. Kila kitu Ctrl, kila kitu Shift, jioni kinakua kama sio changu.

Sasa nikaona nijitie ujanja. Mausi yangu ina vitufe viwili vya pembeni, nikarekodi makro, yaani mfuatano wa vitufe unaojibonyeza kwa kitufe kimoja, ya kutembeza mhusika: kopi pozi, mshale wa kulia mara kumi na mbili, paste iliyogeuzwa kushoto kulia, piga kifremu (yaani pozi ihifadhiwe kwenye fremu hiyo). Kwa wasiofanya 3D, mhusika akitembea kwa fremu 24 pozi ya fremu ya 1 inarudi ikiwa imegeuzwa fremu ya 13, alafu inarudi kama ilivyo fremu ya 25, kwahiyo hicho kitendo unakifanya mpaka unakiota. Makro ikafanya kazi vizuri asubuhi nzima. Mchana nikabonyeza, sikuona kitu kimebadilika, nikabonyeza tena, na tena. Kumbe mausi ilikua imesimama juu ya Dope Sheet, lile dirisha la orodha ya vifremu, sio juu ya dirisha la 3D, na kule Ctrl+C haikopi pozi, inakopi vifremu. Ikanibandikia vifremu vya kiwiliwili juu ya vifremu vingine mara tatu, na nimekuja kugundua nimeshasevu nimefunga nimeenda zangu.

Naiona mitandaoni ile midude ya vitufe 15 yenye picha, na zile kibodi ndogo za kuprogramu. Je ni kweli zinasaidia au ni mapambo ya mezani? Na kama zinasaidia, nianzie wapi nisije nikajenga makro nyingine za kuniua? Msinicheke. Naomba kuwasilisha.

kalamu_na_kibodi

Usinunue kitu kwanza.

Na kabla sijaendelea, ile kazi iliyoharibika angalia kwenye folda hiyohiyo ya faili lako, kuna faili lenye jina lilelile ila linaishia .blend1. Hiyo ni kopi ya sevu ya nyuma, Blender hua inaiweka yenyewe ukiwa hujazima. Libadilishe jina lifungue. Ukisevu tena kabla hujalitoa linafutika, kwahiyo fanya sasa hivi alafu urudi usome.

Haya. Ulichofanya cha kujirekodi ni kizuri kuliko unavyodhani, wengi wanaruka hapo wanakimbilia dukani. Endelea nacho ila kwa karatasi. Weka karatasi pembeni, kila mkono unapotoka kwenye kazi kwenda menyu piga mstari mmoja na andika umeenda kufanya nini. Siku mbili tu. Utakuta vitu sita au saba vinakula karibu matembezi yote, na vingi kati ya hivyo havitaki kibodi mpya.

Mfano. Kwenye Blender ukibofya kulia juu ya karibu jambo lolote la kwenye menyu unapata Add to Quick Favorites, ukishaliweka huko unabonyeza Q na linatokea pale pale mausi ilipo. Hujasafiri hata sentimita. Hicho kitufe nimekutana na watu wana miaka minne kwenye programu hawajawahi kukigusa. Alafu ukitaka kujaza katikati ya pozi mbili, ukiwa Pose Mode Shift+E inakupa pozi ya katikati, unasogeza mausi kushoto kulia kuchagua asilimia, Ctrl+E inaisukuma pozi izidi, Alt+E inailegeza. Vipo, vya bure, vimekaa hapo vinakungoja.

Ila kumbuka somo ulilolipata kwa machozi: Blender inasikiliza pale mausi iliposimama. Shift+E hiyohiyo ukiwa juu ya Dope Sheet inageuka kua kitu kingine kabisa, inabadili namna mwendo unavyoendelea baada ya kifremu cha mwisho. Sio ubovu, ndo ilivyojengwa ili herufi chache zitoshe kazi nyingi. Makro inayotuma vitufe haijui mausi ipo wapi, inatuma tu kama kasuku.

Baada ya hapo panga nyumba. Workspace yako ya animesheni iwe na madirisha manne tu, la kamera lililofungwa lisizunguke, la kufanyia kazi, Dope Sheet, na Graph Editor ya mikunjo ya mwendo. Basi. Outliner na paneli nyingine zote funga, ukizitaka zipo. Dope Sheet bonyeza kile kimshale cha kuonesha vilivyochaguliwa peke yake, badala ya kuwa na mistari mia mbili ya mifupa unabaki na mitatu. Kitufe cha Home kinakusanya kila kitu kitoshe dirishani. Ctrl+Space inalikuza dirisha mausi ilipo lijaze skrini, ukirudia inarudi. Ukimaliza kupanga nenda File, Defaults, Save Startup File, kesho unafungua umekuta kila kitu mahali pake.

Mimi hayo peke yake yalinirudishia muda kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, na nimenunua vingi, mke wangu ni shahidi.

vitufe_tisa

mkuu hapo juu kaongea kweli ila mimi ntakua upande wa pili kidogo manake mambo ya kusema kibodi ni mapambo yanasemwaga na watu ambao hawajawahi kuzungusha nobu

nielezee. mi nina kipedi nilichojiundia mwenyewe, vitufe tisa na nobu moja, ndani inakimbiza QMK ambayo ni programu huria inayokaa kwenye kibodi yenyewe sio kwenye kompyuta, ukitaka kubadilisha vitufe unafungua VIA kwenye brauza unavuta unaacha imeisha hakuna cha kuflashi upya. raha yake ni kwamba mipangilio inatembea na kibodi, nachomeka kompyuta ya mtu yeyote bila kuweka kitu chochote na vitufe vyangu vipo vilevile

sasa nobu. nimeiwekea kushoto itume mshale wa kushoto na kulia itume mshale wa kulia, basi. kila mkwaruzo mmoja wa nobu fremu moja. wale waliosomea kwenye karatasi wanajua ile ya kushika karatasi tano kati ya vidole unazipepeta mbele nyuma mbele nyuma kuona mchoro unavyopumua, hiyo ndo unairudisha. kuvuta taimlaini kwa mausi hakukupi hiyo hisia hata siku moja manake mkono wa kulia ndo unaotakiwa ubaki kwenye pozi. mkono wa kushoto unapepeta, wa kulia unarekebisha, jicho halijaondoka kwenye mhusika. na mishale inafanya kazi dirisha la 3D, kwenye Dope Sheet, kwenye Graph, kwahiyo ile shida ya mausi ipo wapi haikuhusu hapo

angalizo moja, rigi nzito, yaani mifupa na mwili wa mhusika, inaiua nobu. unazungusha mikwaruzo kumi mhusika anakuja kusogea baada ya chai. nenda Render Properties washa Simplify shusha subdivision ya dirishani iwe 0 utaona tofauti, au tumia mwili wa vipande vipande wakati wa kupozisha

na kosa langu la mwanzo nikuambie ulikwepe. nilianza na leya nne, kila leya inavipa vitufe vilevile kazi nyingine. yaani vitufe tisa mara leya nne, 36, nikajiona mfalme. baada ya wiki moja nilikua nakumbuka leya ya kwanza na nusu ya ya pili, zingine nilikua nabonyeza nasubiri kuona nini kitatokea kama mtu anayefungua sufuria la jirani. nikafuta zote nikabaki na moja. vitufe tisa ndo jina langu humu

wa_Krita

Mimi sina hela ya kipedi wala akili ya kulehemu. Nimechukua kibodi ya zamani ya namba tupu nikaiweka kushoto kwa tableti. Shida nikaipata kwamba AutoHotkey, ile programu ya Windows ya kupanga vitufe, yenyewe haitofautishi namba imetoka kibodi ipi, ukiprogramu 4 ya kipedi kidogo, 4 ya kipedi cha kibodi kubwa nayo inabadilika. Nilipohamia Linux nikakuta input-remapper inachagua kifaa kimoja kimoja, tatizo likaisha. Kwa Windows sijui mnafanyaje, wengine naona wanaweka draiva ya Interception.

Kwa Krita sihitaji vingi kusema kweli. Kitufe cha kulia cha kalamu kinafungua ile duara ya brashi na rangi pale kalamu ilipo, Tab inaficha paneli zote nabaki na karatasi tupu. Nimeweka fremu mbele, fremu nyuma, fremu mpya, kopi fremu, na Ctrl+Z. Tano.

skripti_fupi

Nasoma nacheka kwa sababu ile makro ya kutembeza mhusika na mimi ilinipiga, ila mimi ilinipiga nikiwa nafanya kazi ya mtu.

Hoja yangu ni moja na ntaisema kwa kirefu kidogo mniwie radhi. Kibodi iwe bubu, akili ikae kwenye programu. Watu wanaharibu wanapoifanya kibodi iwe na akili, yaani unaipa orodha ya vitufe saba ivibonyeze kwa mfuatano na kuomba Mungu kila kimoja kitue mahali pake. Kompyuta ikichelewa nusu sekunde kimoja kinaruka. Mausi ikiwa pengine, vinatua pengine. Na ile ya kurekodi sehemu za kubofya kwenye skrini ndo usiseme, ukisogeza dirisha kidogo tu inabofya futa badala ya sevu.

Badala yake kitendo kizima kiandike kama skripti ndani ya Blender. Usiogope, sio uprogramu wa kutisha. Nenda Preferences, Interface, washa Python Tooltips, alafu weka mausi juu ya kitu chochote kwenye menyu utaona jina lake la Python. Fungua Info Editor, fanya kitendo kimoja kwa mkono, utaona mstari umejiandika wenyewe. Vitendo vinne, mistari minne. Pozi ikopiwe, fremu iongezwe 12, ibandikwe ikiwa imegeuzwa, kifremu kipigwe. Ukivifunga pamoja vikawa opereta moja, yaani amri moja ya Blender, unapata vitu vitatu ambavyo makro haitakupa milele.

Cha kwanza, opereta inaweza kuuliza kabla ya kuanza: tupo Pose Mode? tupo dirisha la 3D? Kama hapana inakataa, hakuna kilichoharibika, kitufe kinakua kimekufa tu. Ile ajali yako ya mchana ingeishia hapo. Cha pili ni Ctrl+Z. Makro ya vitendo vingi ukitaka kurudi nyuma unabonyeza mara kadhaa na huna uhakika umefika wapi, opereta ukiiwekea alama ya UNDO inarudi nyuma yote kwa mara moja. Cha tatu, namba 12 inakua kitu cha kubadilisha. Mhusika mzito anatembea kwa fremu 32, unaweka 16, kwisha. Ila mifupa iwe na majina yanayoonesha upande, mfano kuishia .L na .R, la sivyo pozi ya mkono au mguu haitahamia upande wa pili maana Blender inajua upande kwa jina tu.

Baada ya hapo ndo kibodi inaingia. Kazi yake ni kutuma kitufe kimoja ambacho hakuna anayekitumia. Kibodi za kawaida zinaishia F12, lakini mfumo wa kompyuta unatambua mpaka F24, kwahiyo F13 mpaka F24 ni viwanja vitupu kumi na mbili havina mwenyewe. Kipedi kinatuma F13, Blender inajua F13 maana yake tembeza. Hakuna Ctrl, hakuna Shift, kidole chako cha mwisho kinapumzika. Angalizo kwa wa Linux, baadhi ya hivyo mfumo umeshavipa kazi nyingine kama kufungua mipangilio, jaribu kimoja kimoja kabla hujavipangia.

vitufe_tisa

skripti_fupi hapo kwenye kibodi iwe bubu nakuunga mkono nusu. kwa mtu wa programu moja sawa. mi kwa wiki nagusa tatu, skripti yako ya Python ya Blender nikienda kwengine inanisaidia nini

meza_ya_zamu

Naingilia hapohapo kwa sababu mimi ndiye huyo wa programu tatu.

Nimeanzia Flash enzi hizo, siku hizi inaitwa Animate, na mkono wangu mpaka leo unajua F5 ni kuongeza fremu, F6 kifremu, F7 kifremu kitupu. Nikienda Maya kifremu ni S. Nikienda Blender ni I. Fremu mbele, Animate ni nukta, Blender ni mshale, Maya ni Alt na nukta, na nukta peke yake kule inaruka mpaka kifremu kinachofuata, sasa uje uchanganye hizo saa tisa usiku. Kichwa kinaelewa vizuri, vidole ndo vinakataa.

Nilichofanya ni kuacha kufikiria herufi nikafikiria mahali. Kitufe cha katikati cha kipedi ni "piga kifremu". Chini yake kushoto "fremu nyuma", kulia "fremu mbele". Juu kushoto na kulia "kifremu kilichopita" na "kinachofuata". Juu katikati cheza na simamisha. Leya moja kwa kila programu, lakini mahali hapabadiliki, kwahiyo sio kama zile leya nne za vitufe_tisa ambazo kila moja ilikua na maisha yake. Mkono haujui umehama programu. Hapo ndipo kipedi kinalipa, na hapo skripti haifiki.

Tena kuna jambo hamjaligusa. Sehemu ninayofanya kazi meza ni za zamu, asubuhi anakaa mwingine jioni nakaa mimi, na mipangilio ya programu haturuhusiwi kugusa. Nikibadili vitufe vya Blender kesho mtu anabonyeza I anapata kitu kingine, ugomvi. Kipedi changu nakichomeka nikifika nakichomoa nikiondoka.

Na hata kama kompyuta ni yako peke yako, uwe na woga kidogo kubadili vitufe vya asili. Vya ziada ongeza unavyotaka. Vya asili acha. Toleo la Blender 2.80 mwaka 2019 lilipofanya kuchagua kuwe kwa kitufe cha kushoto cha mausi watu wa zamani walilia humu na kwengineko, na 4.1 mwaka 2024 ikabadilisha I ipige kifremu moja kwa moja bila kukuuliza, ile menyu ya kuuliza ikahamia K. Mtu aliyerekodi makro ya "I alafu chagua mstari wa tatu" siku hiyo makro yake ilikua inapiga kifremu alafu inatuma vitufe hewani.

kalamu_na_kibodi

Hiyo ya 2.80 usinikumbushe, mimi ni mmoja wa waliolia na mpaka leo nachagua kwa kulia.

Nakubaliana na hoja ya mahali. Ila pozi_kwa_pozi ana programu moja na nusu na kompyuta yake mwenyewe, tusimpe dawa ya ugonjwa wa mwingine. Mdogo wangu, karatasi kwanza.

pozi_kwa_pozi

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tano sasa, samahani kwa ukimya kazi zilinibana.

.blend1 ilikuwepo! Nilipoteza nusu saa ya kazi badala ya siku nzima, kalamu_na_kibodi Mungu akuzidishie.

Karatasi nilifanya siku mbili kama ulivyoagiza na nikashangaa. Nilikua nadhani adui ni menyu, kumbe menyu ilikua ya tatu. Wa kwanza ni kuvuta taimlaini, mistari 140 na ushee kwa siku, kwenda tu kuangalia fremu ya jirani na kurudi. Wa pili ni kuhangaika kutafuta mfupa kwenye Dope Sheet, kile kimshale cha kuonesha vilivyochaguliwa sikua nakijua kabisa, nilikua nashuka na kupanda kwenye orodha kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Hicho kimshale na kupanga madirisha manne vilinichukua dakika ishirini na kusema ukweli tofauti niliiona siku hiyohiyo.

Ya kuvuta taimlaini nilianza kwa kujilazimisha kutumia mishale ya kibodi, ila mishale iko kulia na mkono wa kulia uko kwenye mausi, kwahiyo nikawa navuka mkono wa kushoto kwenda kulia kama napiga kinanda. Nikakata shauri nikachukua kipedi kidogo cha vitufe sita na nobu. Vitufe_tisa ulisema kweli na hukutia chumvi. Siku ya kwanza nilikaa nazungusha tu mbele nyuma naangalia bega la mhusika, nikaona kosa la mkunjo wa fremu mbili ambalo nilikua nalicheza kwa spidi kamili wiki nzima silioni. Simplify nayo niliwasha maana rigi yangu ilikua inachelewa kama ulivyotabiri.

Skripti ya kutembeza nimeiandika. Mistari yenyewe minne ilikua rahisi, kuifunga iwe opereta ndo ilinitoa jasho jioni mbili, ila sasa iko F13. Na kweli nikiwa juu ya Dope Sheet nikibonyeza haifanyi chochote, kimya. Hicho kimya nakipenda.

Kilichonishinda ni ile ya kitufe kimoja kazi mbili, ukigusa kinafanya hiki ukishikilia kinafanya kile. Nilikiweka kifremu kwenye kugusa na kufuta kifremu kwenye kushikilia. Kosa la kijinga kabisa nalijua. Nikiwa na haraka nagusa kizito kidogo kinahesabu nimeshikilia, nimefuta vifremu badala ya kupiga.

vitufe_tisa

hahaha pole. QMK kwa kawaida inahesabu milisekunde 200 ndo mpaka kati ya kugusa na kushikilia, wenye mkono mzito wanaongeza. ila kufuta usikae nyumba moja na kupiga hata uongeze iwe elfu. kwenye kushikilia weka kitu ambacho kikitokea kwa bahati mbaya hakiumi, mimi nimeweka kucheza na kusimamisha

pozi_kwa_pozi

Nimeshakihamisha. Kufuta nimekirudisha X ya kawaida na menyu yake ya kuuliza, safari hii sina haraka nacho.

Kidole bado kinasumbua kidogo jioni ila sio kama zamani, Ctrl naishika mara chache mno kwa siku sasa. Spidi kwa wanaoniuliza inbox: shoti ya sekunde kumi ni siku mbili, bado siku na nusu sijafika. Na nikiangalia karatasi ya wiki hii muda uliobaki unaliwa na mimi mwenyewe kutojua nataka pozi gani.

wa_Krita

Dada hongera. Swali la haraka, hivyo vitufe ulivyoongeza kwenye Blender ukiapdeti toleo jipya vinabaki au unaanza upya?

pozi_kwa_pozi

Toleo jipya likifunguka mara ya kwanza linauliza kama lichukue mipangilio ya toleo la zamani, ukikubali vinakuja. Ila mimi siamini, nimeenda Preferences, Keymap, Export, inakupa faili la .py dogo tu, nimeliweka folda moja na skripti zangu. Siku vikipotea ni Import. Na ukilifungua kwa notipedi utaona vitufe vyako vimeandikwa humo mstari kwa mstari, ndo nilivyogundua ile F13 nilikua nimeisajili mara mbili.